DAFTARI LA MAMA: Pikipiki, jipe ao Fuso, nani anakula feza zetu?



Juma hili Daftari la Mama linazungumza juu ya magari. Tunajua wengine watasema: magari ni mambo ya wababa. Lakini nani analipa usafiri wa gunia la mihogo? Nani anatoa franka za mwisho ili mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya usiku? Bidoni ya mawese ikiuzwa sokoni na nusu ya feza ikabaki mkononi mwa motari, ni mama anayerudi nyumbani na nusu. Kwa hiyo mambo ya esanse ni mambo ya sahani ya watoto wetu.

Habari yenyewe ilianza hivi. Kikundi chetu cha akiba, AVEC, kilikaribia kugawa feza za mwaka. Katika kugawa, mawazo yakawa matatu. Wamama wengine walitaka tusigawe feza yote, tununue pikipiki mpya ya 125. Wengine walitaka pikipiki ya zamani ya Kijapani ambayo mtu alikuwa anaiuza kwa bei ndogo. Na kundi la tatu walisikia kwamba kuna jipe ya mazuti inauzwa, wakasema: tukope kidogo, tununue jipe, tubebe mizigo ya wamama wote kwa mara moja. Tulibishana siku mbili. Kila mtu alileta maneno ya mtu mwingine: shemeji yangu anasema ile haikunywi esanse, mjomba wangu anasema ile inakunywa kama ng'ombe. Mwishowe mama mzee mmoja wa kikundi akasema: "Wanangu, mnanunua kwa masikio. Pimeni kwanza."

Basi tulipima. Tunawaandikia namna tulivyopima ili ninyi pia mupime, maana hesabu ya mtu mwingine haitoshi kununulia kitu.

KWANZA, TULIPIMA KIPIMO

Kwetu hapa esanse inanunuliwa kwa kadhafi, kwa chupa. Chupa moja inaitwa lita moja. Je, ni lita moja kweli? Tulichukua chupa tupu tukaiweka kwenye mizani ya soko. Kisha tukaijaza maji mpaka pale ambapo muuzaji anajazia esanse, tukapima tena. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kama maji ya chupa yako yana gramu 900, basi ulichonunua ni sehemu 9 tu za lita, na katika kila chupa kumi umepoteza chupa nzima. Tulipata chupa zilizo sawa na tukapata zisizo sawa. Hatutaji muuzaji yeyote. Tunasema tu: kikundi kiwe na chupa yake, iliyopimwa, yenye alama ya msumari pale lita inapofika, na kila ununuzi upitie chupa hiyo.

Angalia pia rangi na harufu. Esanse iliyochanganywa na petroli ya taa, ao iliyoingia maji kwenye bidoni, inafanya moteri ikohoe na kukunywa zaidi. Bei ndogo ya chupa inageuka bei kubwa ya fundi.

PILI, TULIPIMA PIKIPIKI

Tulichagua pikipiki ya 125 ambayo saa yake ya kilometa inafanya kazi, maana nyingi zimekatika kamba. Tulisimamisha pikipiki wima mahali pa sawa, tukajaza tanki mpaka shingoni. Ikaenda safari yake. Iliporudi tukaisimamisha palepale na kujaza tena mpaka shingoni kwa chupa yetu. Esanse iliyoingia mara ya pili ndiyo iliyokunywewa njiani. Hakuna siri nyingine.

Motari akiwa peke yake, njia kavu, bila haraka: lita 2 zilimpeleka kilometa 96. Ni kilometa 48 kwa lita moja.

Motari na mama mmoja na mfuko wake: lita 2 kwa kilometa 74. Ni kilometa 37 kwa lita.

Motari na magunia mawili, mvua imenyesha, matope: lita 2 kwa kilometa 52. Ni kilometa 26 kwa lita.

Mnaona? Pikipiki ni ileile, motari ni yuleyule, lakini safari ya tatu ilikula karibu mara mbili ya safari ya kwanza. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba pikipiki hii inakwenda kilometa 50 ao 60 kwa lita, labda hadanganyi. Anasema juu ya mtu mmoja mwembamba, kwenye lami, bila upepo. Sisi hatuendi sokoni hivyo.

Na hata nchi tajiri wanakutana na shida hiyo. Watafiti wa Ulaya walilinganisha kile watengenezaji wa magari wanachoandika na kile wenye magari wanachotumia barabarani. Mwaka 2001 gari la kawaida lilikuwa linakunywa karibu asilimia 9 zaidi ya ilivyoandikwa. Kufikia mwaka 2015 tofauti hiyo ilipanda mpaka karibu asilimia 40. Ndiyo sababu tangu mwaka 2017 Ulaya walianza kupima magari mapya kwa namna nyingine, iliyo karibu zaidi na safari za kweli. Kama mama wa Ufaransa mwenye lami mpaka mlangoni haamini karatasi ya muuzaji, mama wa Ntoto ataiamini juu ya nini?

PIKIPIKI YA ZAMANI YA BEI NDOGO

Wengi wetu tunaikumbuka Yamaha AG 100, pikipiki ya wamisionari, ya waganga wa mifugo na ya miradi ya kilimo. Ni imara, inapanda milima. Lakini moteri yake ni ya namna ya zamani, inayochoma mafuta ya moteri pamoja na esanse, na ndiyo sababu inatoa moshi wa buluu. Katika moteri ya namna hiyo, sehemu ya esanse inatoka kwa bomba bila kuungua. Feza inatoka pamoja na moshi. Pikipiki za leo za India na China ambazo tunaona kila siku, TVS, Boxer, Haojue, zina moteri ya namna nyingine ambayo inaungua vizuri zaidi, na mafuta yake ya moteri yanakaa ndani mpaka yabadilishwe. Zaidi ya hayo vipuri vyake vinapatikana. Kipuri kisichopatikana karibu, kinachohitaji mtu asafiri mpaka Goma, kinakula safari nzima kabla hakijafungwa. Kwa hesabu hiyo pikipiki ya bei ndogo tuliiacha.

JIPE, NA HESABU ILIYOTUSHANGAZA

Jipe tuliyoambiwa ni Land Cruiser ya mazuti, moteri ya lita 4,2, kama zile ambazo mashirika na hospitali wanatumia. Gari la namna hiyo kwenye lami linakunywa karibu lita 12 mpaka 14 kwa kilometa 100. Kwenye matope, kwa vitesi vidogo, magurudumu yote manne yakivuta, linapita lita 18 kirahisi. Wamama wa kundi la pikipiki walipiga makofi: lita 18 kwa lita 4! Pikipiki imeshinda!

Lakini mama mwingine akauliza: imeshinda kwa kubeba nini? Tukakaa chini tena.

Pikipiki yenye magunia mawili ya kilo 50 inabeba kilo 100, na kwa matope inakunywa karibu lita 4 kwa kilometa 100. Kwa hiyo kila kilo 100 inakula lita 4.

Jipe iliyojaa kilo 800 inakunywa lita 18. Gawa kwa 8: kila kilo 100 inakula lita 2 na robo. Jipe iliyojaa inashinda pikipiki!

Jipe yenye kilo 300 tu inakunywa pungufu kidogo, tuseme lita 16. Gawa kwa 3: kila kilo 100 inakula zaidi ya lita 5. Sasa pikipiki inashinda.

Na Fuso kubwa? Tuseme inakunywa lita 40 kwa kilometa 100 kwenye njia mbaya, na imebeba tani 7. Kila kilo 100 inakula karibu nusu lita na kidogo. Hakuna anayekaribia.

Hapo ndipo tulipofahamu. Hakuna gari ambalo halikunywi. Kuna gari lililojaa na gari lililo tupu. Feza inapotea pale chuma kizito kinapotembea na mzigo mdogo, na inapotea tena pale gari linaporudi bila kitu. Kabla ya kuuliza gari linakunywa kiasi gani, mama ajiulize: siku ngapi kwa juma nitalijaza, kwenda na kurudi?

Sisi tulijibu kwa ukweli. Kikundi chetu hakina kilo 800 za kubeba kila juma. Siku ya soko kubwa, ndiyo. Siku nyingine tuna mabidoni mawili ya mawese, mkungu wa ndizi, na mgonjwa mmoja. Na wakati wa mvua kali, kuanzia Septemba mpaka Desemba na tena kuanzia Machi mpaka Mei, jipe ingelala tu, ikiwa na deni.

ESANSE SI GHARAMA YOTE

Hapa wamama wengi wanadanganyika. Motari analeta feza ya jioni, anatoa esanse, anasema kilichobaki ni faida. Si kweli. Tulifanya mfano wa juma moja la pikipiki inayotembea kilometa 300 na mizigo. Weka bei za kwenu. Sisi tunatumia namba za mfano tu, tukisema lita ni dola 2.

Esanse lita 11: dola 22.
Mafuta ya moteri, cheni, breki, mipira: dola 6.
Bariera: dola 10.
Posho ya motari: dola 15.
Kufa kwa pikipiki: dola 8.

Jumla ni dola 61. Esanse ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Yanayobaki ni mengine.

"Kufa kwa pikipiki" ni nini? Pikipiki ya dola 1.200, ikitumika miaka 3 kwenye njia zetu, inaishi majuma 156. Gawa 1.200 kwa 156, ni karibu dola 8. Kila juma pikipiki inakufa dola 8, hata kama haionyeshi. Kikundi kisichoweka dola hizo 8 pembeni kitaamka mwaka wa tatu kikiwa na chuma kibovu na bila feza ya kununua ingine. Tumeona vikundi viwili vilivyoisha hivyo, na wamama wakalaumiana juu ya wizi ambao haukuwapo.

Juu ya bariera hatusemi mengi, kila msomaji anazijua. Watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walizihesabu mwaka 2017 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakapata karibu 800. Sisi tunashauri kitu kimoja tu: ziandikwe katika daftari kama gharama nyingine, tarehe na kiasi, bila majina. Pikipiki inapita bariera kila safari, na kila mara inalipa kwa magunia mawili tu. Gari kubwa linalipa zaidi, lakini linagawanya kwa magunia mengi.

NA MGONGO WA MAMA?

Mama mmoja alisema: "Mimi nitaendelea na mgongo, mgongo haukunywi esanse." Tulicheka, kisha tukanyamaza. Maana mgongo unakunywa. Unakunywa siku nzima ya shamba. Unakunywa shingo na kiuno, na kwa mama aliyetoka kujifungua, kubeba kilo 40 kwa kamba ya kichwa kunaweza kushusha kizazi. Mama huyo akipelekwa hospitali, gharama yake inapita esanse ya mwaka. Kwa hiyo katika daftari letu mgongo pia tuliuandika, chini ya magari. Hatukujua tuweke namba gani, lakini hatukuandika sufuri.

TULICHOAMUA

Tulinunua pikipiki moja mpya ya 125, kwa feza yetu, bila kukopa. Kazi yake ni mizigo midogo, wagonjwa, na kubeba habari. Kwa soko kubwa tunakusanya mizigo ya wamama wote siku moja, tunaifikisha pale gari kubwa linapofika, na tunalipa nafasi katika Fuso ya mtu mwingine. Mwenye Fuso analisha Fuso yake. Sisi tunalipia magunia tu. Na kila juma dola 8 zinaingia katika sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa wamama wawili.

Si wote waliofurahi. Mama mmoja wa kundi la jipe alisimama akasema neno ambalo hatukuweza kulijibu kwa hesabu. Alisema: "Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kulala juu ya pikipiki. Mwaka uliopita nilimshika binti yangu kwa nyuma, motari mbele, njia yote. Siku ile sikuuliza lita." Ni kweli, na hatutaki kujifanya kwamba daftari linajua kila kitu. Tulichofanya ni hiki: sehemu ya feza ambayo ingelipa deni la jipe tumeiweka kando, haiguswi kwa biashara, ni ya kukodi gari zima usiku ule mama anapohitaji kulala. Tuliandika namba za madereva wawili ukutani mwa nyumba ya mkutano. Na tunawaomba wamama wenye mimba ya mwezi wa tisa wasingojee uchungu ndipo wakaribie kituo. Haitoshi, tunajua. Mama yule alikubali, lakini alituambia tutazungumza tena mwakani. Tutazungumza.

MAMBO MADOGO YANAYOPUNGUZA ESANSE

Mipira iwe na upepo wa kutosha. Mpira laini unavuta moteri nyuma.

Cheni ipakwe mafuta na isiwe legevu wala isikazwe kupita kiasi.

Sifongo ya hewa isafishwe, zaidi wakati wa vumbi. Moteri inayokosa hewa inakunywa esanse zaidi.

Mafuta ya moteri yabadilishwe kwa wakati; pikipiki ya 125 inahitaji karibu lita 1 tu. Kwenye njia zetu usingojee kilometa nyingi kama kitabu kinavyosema.

Motari asizime moteri kwenye mteremko ili "kuchunga esanse". Moteri inasaidia kushika pikipiki. Ikizimwa, breki peke yake zinachoka na kupata moto. Tone la esanse halilingani na mguu wa mtu.

NA NDANI YA NYUMBA

Kwa kuwa sasa nyumba nyingi zinaweka bidoni, tunarudia: esanse isikae jikoni, isikae karibu na taa, isikae chini ya kitanda cha watoto. Usiiweke kamwe katika chupa ya maji ao ya sukari ambayo mtoto anaijua. Mtoto akikunywa esanse, usimlazimishe kutapika, maana ikirudi juu inaweza kuingia katika mapafu. Usimpe maziwa wala mawese. Mpeleke mara moja kituo cha afya, na sema wazi ni nini amekunywa.

KAZI YA JUMA HILI

Kila kikundi kichague pikipiki moja, ya kukodi ao ya kwao. Pimeni chupa. Jazeni tanki. Andikeni mistari minne: kilometa, lita, kilo zilizobebwa, hali ya njia. Leteni karatasi kwenye mkutano, hata kama herufi si nzuri. Binti wa shule atasaidia kuandika. Tutaweka hesabu zote pamoja ili mama wa Masisi ajue safari ya mama wa Walikale inakula nini, na mtu asituuzie tena kwa masikio.

Muwe na juma jema, wamama. Barabara iwafikishe.